Mashine ya Nobu Ikinyamaza, Usifurahi: Kwa Vijana Mnaoanza Kupima Dhahabu

Juzi nilisimama kando ya korongo moja huku Makongolosi, nikiwatazama vijana wawili wakipima, yaani wakitafuta dhahabu ardhini kwa mashine, na Gold Bug 2 iliyokwisha kupita mikono mingi. Sensitiviti, yaani ukali wa masikio ya mashine, wameishusha hadi karibu na mwisho, mlio wa msingi, ule mdogo unaosikika muda wote, wameuzima kabisa, na koili, lile duara la chini linalosikiliza ardhi, inapepea usawa wa goti. Nikamwuliza mmoja mambo yanakwendaje. Akanijibu kwa furaha, "Shikamoo mzee. Hii mashine imetulia sana, haina kelele kabisa!"

Nikaitikia marahaba, nikameza mate, nikaenda kukaa kivulini. Kila msimu wanakuja wapya na kila msimu wanafanya yale yale. Kuwafokea nimechoka, na kuwaacha siwezi, kwa sababu wengine ni watoto wa rafiki zangu. Basi naandika.

Nasema na wenye mashine za nobu, zile unazozirekebisha mwenyewe kwa kuzungusha vifundo: Gold Bug ya kwanza na ya pili, Goldmaster, Lobo, na zile SD za Minelab za miaka ya 1990. Ninyi wenye mashine mpya zinazojirekebisha zenyewe, pumzikeni. Wanaotafuta "mali za Mjerumani" nao wasiondoke, nitawafikia.

1. Uliza masafa kabla ya kuuliza bei

Masafa ni idadi ya mitetemo ya mawimbi ya mashine kwa sekunde. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Kijana anauziwa White's ya sarafu iliyoagizwa Marekani, ya kilohezi 6.59, na anaapiwa kwamba inapima dhahabu. Kweli inapima, ikiwa dhahabu yenyewe ni pete ya harusi. Punje ndogo ya huku kwetu inapita chini ya koili yake bila kusumbuliwa, maana masafa ya chini yanapenda fedha, shaba na vitu vikubwa. Gold Bug 2 inatumia kilohezi 71, ndiyo maana inasikia punje ambayo hata wewe mwenyewe utaitafuta kwa shida kwenye kiganja. Lakini masafa hayo hayo yanaigombanisha na udongo wenye chuma. Katikati kuna Gold Bug ya kwanza yenye kilohezi 19 na Lobo SuperTRAQ yenye karibu 18. Zinavumilia udongo vizuri zaidi ila zinakosa zile punje ndogo kabisa.

SD ni ukoo mwingine. Inapiga pigo la umeme, inakata, halafu inasikiliza kinachorudi. Udongo wenye chuma hauiyumbishi sana, na nageti (kipande cha dhahabu) kubwa iliyokwenda chini inaifikia. Gharama yake utailipa mgongoni, kwa sababu ya betri ile ya kubeba, na kwenye misumari, kwa sababu utachimba kila kipande cha chuma kilichowahi kuanguka wilaya ya Chunya. Na vimeanguka vingi. Dhahabu ya Lupa, machimbo ya huku huku Chunya, imekimbiliwa na watu tangu miaka ya 1920, na kila aliyekuja aliacha makopo na misumari yake.

Geita ni habari nyingine. Kule kuna vilima ambavyo dhahabu imekaa ndani ya mwamba wa chuma wenyewe. Ukipeleka VLF (mashine ya mawimbi yasiyokatika, kama Gold Bug) ya kilohezi 71 juu ya mawe yale utarudi nyumbani na kichwa kinauma. Kijana wa Geita akinishauri mashine ya kununua Chunya namsikiliza kwa adabu tu, na yeye akinisikiliza mimi afanye vivyo hivyo.

Jambo moja muuzaji hatakwambia: Tesoro, waliotengeneza Lobo, ilifunga 2018 na White's, waliotengeneza Goldmaster, ilifunga 2020. Ile karatasi ya Tesoro ya "dhamana ya maisha" waliyoibandika ndani ya boksi, ilikuwa maisha ya nani sasa? Mashine zenyewe ni nzuri, mimi nazipenda. Ila ukinunua, jua kwamba fundi wako ni yule wa redio pale stendi.

2. Kagua kabla hujatoa hela

Fungua mlango wa betri. Ukiona ukungu wa kijani kwenye vishikizo, shusha bei au ondoka. Washa, shika waya wa koili karibu na plagi uutikise, kisha gonga koili taratibu kwa kidole: ikilia ovyo, koili ni mgonjwa. Zungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho. Mikwaruzo ya sauti inaondoka kwa dawa ya kusafishia swichi, mikatiko haiondoki. Koili ya ziada iwe ya mashine hiyo hiyo, maana plagi kuingia hakumaanishi masafa yanafanana.

Na usikubali mashine iliyofunguliwa na mtu "akaiongezea nguvu". Ndani mna vinobu vidogo vya bisibisi vilivyopangwa kiwandani. Aliyevizungusha bila kuweka alama hawezi kuvirudisha mahali pake, na wewe pia hutaweza.

3. Balansi ya ardhi

Hii ni kuifundisha mashine isiusikilize udongo wenyewe. Tafuta mahali pasipo chuma. Pampu koili, yaani ishushe hadi karibu na ardhi, ipandishe hadi usawa wa goti, irudie. Ikishuka na sauti ikapanda, rudisha nobu kidogo upande wa hasi. Ikishuka na sauti ikazama, ongeza upande wa chanya. Endelea mpaka sauti isijali kama unashuka au unapanda, halafu acha kachanya kadogo sana. Kwa punje ndogo, hicho kidogo ndicho kinakulipa.

Rudia kila udongo unapobadilika rangi. Rudia pia jua linapopanda, kwa sababu saketi hizi za zamani zinayumba na joto. Uliyoipanga saa moja asubuhi si mashine uliyonayo saa sita. Wengi wenu mnaipanga mara moja pale kambini, penye bati na majembe, halafu mnalaumu mashine.

4. Mlio wa msingi

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mlio wa msingi uache usikike kama mbu aliye nje ya chandarua: hakusumbui, lakini unajua yupo. Punje ndogo haipigi kelele. Inachofanya ni kuutikisa tu huo mlio, au kuuinua kidogo kisha kuuachia. Ukiuzima, mwangwi wa punje lazima kwanza upande peke yake kutoka chini hadi usikike, na mara nyingi haufiki.

Najua mnanung'unika kwamba kelele inachosha. Ngojeni niwaambie ilivyonigharimu mimi.

Kulikuwa na mzee mmoja ana shamba upande wa Matundasi. Wanawe walikuwa wameokota rangi ya dhahabu, yaani vichembe vyake, kwenye karai baada ya mvua, akaniita nipime shamba lote kabla hajaamua alifanyie nini. Siku hizo nilikuwa naitwa fundi wa mashine na nilikuwa nimeanza kuliamini jina. Nikafika na kofia ya jua na hedifoni shingoni. Walikuja kutazama mzee mwenyewe, mama, wanawe, majirani, na watoto waliotakiwa kuwa shule.

Udongo wa pale ni mwekundu na una mchanga mweusi mwingi. Nikawasha, mashine ikaanza kulalama. Nikiinua inalia, nikishusha inalia. Watu wakaanza kutazamana. Nami, badala ya kupiga magoti nikapampu koili kwa subira hata kama ni robo saa, niliona aibu. Fundi gani mashine yake inapiga makelele? Nikashusha sensitiviti. Bado. Nikazima mlio wa msingi. Ikabaki inakoroma kila koili inaposhuka, basi nikaisukuma balansi upande wa hasi mpaka ikawa inanyamaza kila inapokaribia ardhi. Kimya kizuri! Nikaona nimeitawala. Halafu, ili shamba liishe mapema na ili nionekane nina chombo kikubwa, nikafunga koili ya inchi 14.

Mzee, ambaye hajawahi kushika mashine maishani, akauliza swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kujiuliza: "Utajuaje kama inasikia?" Nikapitisha koili juu ya panga langu. Ikapiga yowe, watu wakacheka, watoto wakapiga makofi. Tukaanza.

Nilitembea shamba lile lote kwa mistari iliyonyooka. Nikapata kipande cha jembe na kifuniko cha kopo. Jioni nikamwambia mzee, kwa sauti ya mtu anayejua, "Baba, hapa hamna kitu. Lima mahindi." Akanilipa. Mama akanifungia kuku.

Wanawe walibisha, wakasema rangi waliiona kwa macho yao. Mzee akawanyamazisha: fundi amesema. Kisha akalikodisha lile eneo kwa wageni, kwa bei ya shamba la mahindi.

Wageni wale walikuja na mashine ya aina ile ile ya kwangu. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo, maana laiti wangekuja na kitu cha kisasa ningekuwa na la kusema. Walikuja na koili ndogo, mlio umefunguliwa, wanatambaa kama wamepoteza sindano. Walitoa nageti kina cha shubiri moja, mahali nilipopita mimi mwenyewe na hedifoni masikioni. Mmoja wao nilikuja kukaa naye kwenye kahawa, akanieleza alivyopanga nobu zake bila kujua anamweleza nani. Sikumwambia.

Nilichokuwa nimefanya ni kuiziba mashine masikio mara tatu. Mlio umezimwa, kwa hiyo kidogo hakisikiki. Balansi iko hasi, kwa hiyo kila koili inaposhuka ardhi inavuta sauti chini na kuumeza mwangwi wa punje uliokuwa unajaribu kupanda. Koili ni kubwa mno, nguvu yake imetawanyika, na punje ndogo haipati hata sehemu yake. Na panga? Panga lilithibitisha kwamba mashine yangu inaweza kupata panga.

Mzee bado ananiitikia salamu. Mama haitikii, na sijui nimlaumu kwa lipi.

Kwa hiyo jaribio ni hili. Nunua chubwi la wavuvi, likate vipande vidogo vya risasi vya saizi tofauti, kila kimoja kigandishe kwenye kadi ya plastiki uandike namba. Risasi inaitika karibu sawa na dhahabu ndogo. Kila asubuhi fukia kipande kwenye udongo ule ule unaoupima, siyo hewani wala kambini, uone kinasikika kutoka kina gani. Ukigusa nobu yoyote, kijaribu tena. Mwenye shamba akiuliza utajuaje kama inasikia, mwonyeshe hicho.

5. Kuchuja chuma

Usichuje. Kwenye udongo wenye chuma, punje ndogo inasomeka kama msumari, na ukiamuru mashine inyamazie misumari itainyamazia na punje. Swichi ya kuchuja iguse baada ya kusikia mlio, kwa kuhakiki tu, na hata hapo ukiwa na shaka chimba. Mahali penye takataka za kambi za zamani tumia koili ndogo kuliko zote uliyonayo, uende polepole hadi ukereke.

Simu izime au iache kwenye begi. Buti za ncha ya chuma ziache nyumbani. Koili isugue nyasi, isipae. Wawili wenye mashine za aina moja msipime bega kwa bega, zinasikilizana zenyewe. Kijana mmoja alinipigia akisema ameikuta nageti "inayotembea". Ilikuwa simu yake mfukoni, kila alipopiga hatua.

6. Mali za Mjerumani

Sasa nanyi. Kila mwezi mtu ananiuliza mashine ya kuona sanduku la dhahabu mita kumi chini, ikiwezekana kwa kusimama barabarani. Haipo. Kwa kitu kidogo, ukizidisha umbali mara mbili mwangwi unashuka takriban mara 64. Ndiyo maana mashine hizi zinasoma sarafu kwa sentimita ishirini na kitu, siyo kwa mita. Vile vijiti vya antena vinavyozunguka vyenyewe vinaelekea pale mkono wako unapotaka.

Sarafu za dhahabu za Mjerumani zilikuwepo kweli: rupia 15 za mwaka 1916, zenye tembo na mlima nyuma yake, zilipigwa Tabora kwa dhahabu ya Sekenke. Zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000, kila moja gramu saba na ushee. Zilitengenezwa ili zitumike, vita ikiendelea, na zikatumika. Anayekuuzia ramani ya mapipa muulize kwa nini hachimbi mwenyewe.

Na wa pwani, msipeleke koili Kilwa Kisiwani wala kwenye gofu lolote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kwa kuchimba vitu vya namna hiyo, na sarafu za shaba za masultani si kokoto za kuokotewa mfukoni. Kwenye dhahabu vilevile: jua eneo ni la leseni ya nani na mkubaliane mgawo kabla ya kuwasha, siyo baada ya kulia. Mashimo yafukieni, ng'ombe za watu zinavunjika miguu.

Wale vijana wa Makongolosi niliwarudia baadaye. Nikawafungulia mlio, nikashusha koili hadi kwenye nyasi, nikamkabidhi mmoja. Akasikiliza kidogo, akavua hedifoni: "Mzee, sasa inapiga kelele." Nikamwambia arudi kwenye namba 3, asome polepole.

Mwenye koili ya Gold Bug 2 ya inchi 6.5 isiyobandikwa gundi anitafute, yangu imepasuka.