Shangazi Anajibu: Mama anatimiza sabini, mtoto anasimama dede

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja. Dada yangu yuko Toronto, na kila mwezi wa Mei hunijazia simu picha: watoto wake chini ya miti yenye maua meupe, blanketi limetandikwa nyasini, wote wanacheka. Anasema baridi ikiisha kule hakuna anayebaki ndani. Mimi hutazama picha hizo nikiwa nimeketi kitandani, najiuliza wangu watakumbuka nini.

Oktoba hii kifungua mimba wangu anakaribia kumaliza Gredi ya 6. Kitinda mimba anatimiza mwaka mmoja na ameanza kusimama dede. Mama yangu anatimiza miaka sabini na anakuja kutoka Makueni, ingawa magoti yanamsumbua. Mume wangu anataka tukodi ukumbi, muziki, keki ya ghorofa. Tumepiga hesabu ikafika shilingi 45,000, na hatuna. Mama aliposikia akasema atauza mbuzi wawili atuchangie. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Je, Nairobi hii kuna mahali pa kuipeleka familia ikafurahi bila kukopa? Na sisi tuna majira kama hayo ya dada?

Mama wa wawili, Umoja

JIBU

Marahaba, mwanangu. Majira tunayo, na yanafika mama yako akiwa njiani.

Theluji ya kuyeyuka hatuna, lakini tuna Julai. Unaijua Julai ya Nairobi: mawingu yamefunika mji kama kifuniko cha sufuria, watoto wanakwenda shule na kofia za sufu, na jua likijitokeza ni saa nane za mchana, tena kwa kuchungulia. Katika miezi hiyo mijakaranda hupukutisha majani, ikabaki vijiti. Kisha Septemba inaingia. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kidogo tu, kwa hiyo mwishoni mwa mwezi huo jua la adhuhuri linatupita utosini kabisa, na mti ule mtupu unatoa maua kabla hata ya majani kurudi. Kufika Oktoba, ukipanda matatu kutoka kwenu hadi mjini kisha ukatembea kuelekea Uhuru Highway, unakanyaga maua ya rangi ya zambarau. Asili ya mti huo ni Amerika Kusini, lakini mimi nimeuona kila Oktoba ya maisha yangu na siwezi kuuita mgeni.

Nendeni Arboretum, pale Barabara ya State House. Bustani hiyo ya miti ilianzishwa mwaka 1907. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, injini zilikula kuni usiku na mchana, na wakoloni walitaka kujua ni miti gani ya nje ingekua upesi wapate kuni za kutosha. Injini za kuni zimekwisha, miti imebaki, na leo mtoto wa Umoja anaweza kukaa kwenye kivuli chake. Eneo lenyewe ni hekta 30 hivi, kwa hiyo mama hatatembezwa hadi achoke. Msitu wa Karura naupenda sana, na kijana wako anapaswa kujua kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipigwa akatokwa damu kichwani kwa ajili ya msitu ule. Lakini Karura ni kubwa, kama hekta elfu moja. Hiyo waachie kijana na baba yake siku nyingine, wakodi baiskeli, waende wawili tu.

Sasa nikueleze kwa nini nasema Arboretum na si ukumbi.

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi kumi na mitatu mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Wundanyi. Tulitandika leso pale Arboretum, chini ya mjakaranda. Mama aliokota maua yaliyoanguka, yale marefu yaliyo kama tarumbeta ndogo, akayavika vidoleni moja moja hadi vidole vyote kumi vikawa na kofia. Akavichezesha mbele ya mtoto. Mtoto alikuwa amening'inia kwenye gauni langu. Aliliachia. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaanguka kifuani mwa bibi yake akiwa amekamata kidole kimoja na ua lake. Hakuna aliyekuwa amepanga. Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Miaka mitano baadaye mama huyo huyo alitimiza sabini, na mimi nikataka kumwonyesha kwamba mji umenipokea vizuri. Nikakodi mkahawa. Wageni sitini. Siku nzima nilihesabu sahani na kuzozana na mpishi juu ya kuku waliopungua. Mama alikalishwa kiti cha heshima, karibu na spika. Nina picha nne za siku ile, na katika zote anatazama mlangoni. Sikumbuki neno hata moja alilosema, kwa sababu sikukaa naye. Alifariki kabla ya Oktoba iliyofuata. Deni la mkahawa nililimaliza yeye akiwa kaburini. Ndiyo maana barua yako nimeijibu kabla ya nyingine zote.

Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, huenda ikamfaa mumeo kwa upande wa kazi. Tokeni mapema, muwe langoni saa mbili asubuhi. Mchana wa sikukuu watu hufurika, na mvua za vuli zikishaanza mara nyingi hushuka alasiri. Siku hizi kiingilio hulipwa kwa simu, kwa hiyo maliza hilo nyumbani usije ukahangaika na mtandao huku mama amesimama juani. Matatu hadi mjini, halafu teksi kwa kile kipande cha mwisho. Hiyo ndiyo pesa pekee ninayokuomba usiionee uchungu.

Beba kiti. Kile cha plastiki cha jikoni kinatosha. Mwenye magoti mabovu ukimkalisha kwenye leso chini, ataketi kwa shida na kuinuka kwa aibu, na hatakwambia. Mama yangu hakuniambia. Na maua yakiloa huteleza kama sabuni, basi mmoja wenu asimwachie mkono kwenye njia za saruji.

Chakula ni chapati, ndengu, viazi, na chai ya maziwa kwenye thamosi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu inayolindwa, kwa hiyo maji tia kwenye chupa ya chuma. Tumbili wa pale wanautambua mlio wa pakiti ya krispi kutoka mbali. Mtoto asishike ndizi mkononi, atanyang'anywa na kuogopa, na hofu hiyo itakula asubuhi yote.

Kijana wa Gredi ya 6 ndiye atakayekataa kwenda. Umri huo huona haya kuonekana na mama yake. Usimsihi, mpe kazi. Mpe simu ya baba yake, umwambie leo yeye ndiye mpiga picha, na amrekodi susu wake, yaani bibi yake, akisimulia: alizaliwa wapi, nani alimpa jina, siku ya kwanza ya shule alivaa nini, ukame gani anaukumbuka. Mama atasimulia kwa Kikamba, na ukiona kijana anaomba tafsiri ya neno, nyamaza, waache wafafanuliane wenyewe. Mtihani wake u karibu. Siku hiyo asisikie neno alama.

Kitinda mimba huenda akatembea, huenda asitembee. Msimshike mikono na kumburuta ili picha ipatikane. Msimamishe mbele ya bibi yake, halafu ondokeni njiani.

Na mumeo, mwanangu, mtendee haki. Mwanamume anayetaka ukumbi kwa ajili ya mama mkwe wake ni mwenye mapenzi. Ukianza na "hatuna pesa" utamchoma. Mwambie unataka yeye ndiye amdake mtoto akianguka, na kwenye ukumbi atakuwa mlangoni akipokea wageni. Keki iwepo, ya kilo moja, mishumaa miwili: mmoja wa mama na mmoja wa mtoto, wapulize pamoja. Jamaa wakiuliza mbona hawakualikwa, waambie mama atakuwepo nyumbani Umoja wiki nzima na chai haitakosekana. Wengi watakuja, na mama atawaona mmoja mmoja, jambo ambalo ukumbini haliwezekani.

Picha msiziache ndani ya simu. Simu huibwa, simu huanguka majini. Safisheni mbili tatu, muandike tarehe nyuma kwa kalamu, na mti mliokaa chini yake muukumbuke. Sisi tumerudi kwenye mti ule ule kila Oktoba. Yule mtoto wa hatua tatu sasa ana wake, na mwaka jana aliinama bila mimi kumwambia, akaokota maua, akayavika vidoleni.

Mpigie mama leo jioni, kabla ya siku ya soko. Mwambie mbuzi wabaki zizini, yeye aje na leso yake.