Muda Nimeuokota Kwenye Foleni ya Pantoni

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Dada, mimi nina blogu yenye makala nne tangu mwaka juzi. Wewe kila Jumapili upo. Muda unaupata wapi? Au hujaolewa?"

Nimeolewa, mdogo wangu. Nina watoto wawili, mume anayeuliza chai iko wapi na chupa iko mbele yake, na kazi ya makaratasi ya mizigo kule mjini inayoanza saa mbili kamili asubuhi. Swali lako lilinikera siku mbili. Siku ya tatu nikaona nijibu, maana na mimi niliwahi kuwa na blogu ya makala nne.

Haya, zilikuwa kumi na moja. Nilianza 2016, mwaka ambao Daraja la Kigamboni lilifunguliwa na kila mtu wa ng'ambo yetu akajiona tajiri mtarajiwa. Nikaandika maisha ya mpangaji: mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anayechukua ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha chumba ulichokiona mwenyewe ukienda dukani, bomba linalotoa maji saa nane usiku tu. Nilijua Michuzi, yule mwanablogu maarufu, alianza blogu yake 2005 na akafika alipofika, nami nikajipa miaka miwili. Msicheke.

Kilichoniangusha ni kile kidude kinachohesabu wasomaji. Nilikichungulia ofisini, nilikichungulia jikoni, na siku moja msibani nilikichungulia chini ya khanga huku wenzangu wanalia. Wakisoma watu arobaini, nanuna. Wakisoma mia, nalala vizuri, kesho yake nanuna kwa sababu hawajafika mia mbili. Halafu mwaka 2017 ile makala ya kodi ya miezi sita ikapaa, ila haikupaa kwangu. Ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi uliinyanyua nzima nzima, ukafuta jina langu, ukaacha hata kosa langu la "mwenye nymba". Watu wakawa wananitumia mimi: "Soma hii, kama vile umeandika wewe!" Nililia. Mume wangu akasema, "Si ulitaka isomwe?" Ilikuwa Jumatatu, nikaja kumsemesha Alhamisi.

Mwaka uliofuata zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, blogu nazo zikatakiwa leseni. Ada zake ukizijumlisha zilipita shilingi milioni mbili, na Juni ile ya 2018 blogu nyingi zikafunga milango. Kwa miaka kadhaa nimewaambia watu kwamba na mimi nilinyamazishwa na zile ada. Uongo. Makala yangu ya mwisho ilikuwa ya Desemba 2017. Masharti yalipokuja kulegezwa, nikawa sina tena pa kujificha.

Aliyenirudisha ni mama wa chumba cha tatu, muuza vitumbua. Julai 2023 kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Inakatwa ukinunua umeme mara ya kwanza ndani ya mwezi. Sisi tulikuwa wapangaji watano kwenye mita moja ya umeme, na mara nyingi wa kwanza kununua ni yeye, maana anaamka saa tisa usiku kukaanga na gizani hawezi. Akanijia na simu mkononi: "Mama Neema, hela yangu imeliwa na nani?"

Nikaandika kumjibu yeye tu. Kwamba kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mpangaji anamtangulizia, kwa hiyo wakae wakubaliane apunguziwe kwenye kodi ya chumba. Habari za kufungua blogu hana, basi nikamsomea kibarazani. Alinikatiza mara tatu. "Hapo hapaeleweki." Na mara zote tatu alikuwa sahihi, nikarekebisha pale pale huku nakula vitumbua vyake. Mwenye nyumba alinuna wiki nzima, mwishowe akapunguza.

Tangu siku ile nikiandika namuona yeye na ungo wake. Kile kidude cha kuhesabu nimekizima. (Ule ukurasa ulioninyanyulia makala bado upo. Huwa naupitia, sijui natafuta nini.)

Sasa muda. Mnaovuka kwa pantoni mnajua: maji yenyewe ni dakika chache, kusubiri ndiko kunakokula asubuhi. Pale bandani umebanwa kati ya mwenye tenga la kuku na mwenye baiskeli, mkono mmoja umeshika mkoba, mwingine una simu. Hapo naandika aya moja. Jioni nikirudi, nyingine. Ikifika Ijumaa ninazo kama kumi, sita ni takataka. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023 niliandika vizuri kuliko wakati wowote: watoto wamelala, televisheni imezimika, simu ina chaji asilimia kumi na tano. Maneno ya kujipamba yanakwisha yenyewe.

Kwa hiyo acheni kuniambia hamna muda. Jana mlikuwa mnabishana Simba na Yanga mpaka saa sita usiku, niliwaona. Aya moja, basi. Tafuta mtu mmoja mwenye shida ya kweli, uandike kumjibu. Na usimtafute mchumba, mchumba atakusifia tu. Tafuta mtu atakayekwambia hapaeleweki. Mnaanza na nembo, mnaanza na rangi za ukurasa, mnatangaza "karibuni sana wadau", wiki ya tatu kimya. Andika aya moja. Nasema tena, aya moja.

Mama wa vitumbua sasa anataka kujua kama dalali ana haki ya kudai hela ya kukuonyesha nyumba hata usipoichukua. Dalali kamchaji kwa vyumba vinne, na vyote alishavikataa kabla ya kuvua viatu. Nimemuahidi jibu Jumapili. Leo Ijumaa, nina sentensi moja, na hiyo yenyewe nilipomsomea asubuhi alikunja uso.