Baada ya ulingo: maswali ya mabondia wastaafu na wanaowatunza

Tulipowaomba wasomaji watuandikie kuhusu mabondia wa Uganda waliotundika glavu, barua nyingi zilitoka kwa wake, watoto na makocha. Mabondia wenyewe walioandika ni wachache. Tunaanza na barua isiyoweza kungoja.

Nilipigana uzani wa welta kwa miaka mingi. Tangu Jumapili naona vimulimuli kwenye jicho la kushoto na vitu kama nzi weusi vinavyoelea. Haliumi. Je, ningojee mwisho wa mwezi nipate pesa? – Mstaafu, Jinja

Usingoje hata kesho, ndugu. Vimulimuli na nzi weusi vikija ghafla kwa mtu aliyepigwa ngumi za uso, wasiwasi wa kwanza ni kwamba retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imechanika au inabanduka. Kutouma si dalili njema. Retina haina neva za maumivu. Ukiona kitu kama pazia jeusi likishuka au kupanda upande mmoja, ujue kubanduka kumeshaanza. Sehemu ya katikati ikiwa bado imeshika, upasuaji huweza kuokoa uwezo wako wa kuona. Ikishabanduka nayo, hata upasuaji mzuri hurudisha sehemu tu.

Nenda leo kwenye kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya Jinja. Wakikupa dawa ya matone na kukuambia urudi nyumbani, omba hivi: "Nilikuwa bondia, naomba mboni ipanuliwe, nyuma ya jicho pakaguliwe." Nenda na mtu, kwa sababu dawa ya kupanua mboni hukuacha na ukungu kwa saa kadhaa. Upasuaji wa retina haufanyiki kila hospitali, kwa hiyo ukipewa rufaa ya Kampala, wapigie simu kabla ya kupanda basi uulize kama mpasuaji wa retina yupo siku hiyo. Njiani usifikiche jicho, na usibebe mizigo mizito. Dawa za kienyeji za kudondoshea jichoni ziache kabisa.

Kwa wengine wasio na dalili: pimeni presha ya macho mara moja kila mwaka. Ngumi inaweza kuharibu njia ya kutolea maji ya jicho, na glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, ikajitokeza miaka mingi baadaye, kimyakimya, ikila pembeni za uwezo wa kuona mpaka mtu aanze kugonga milango.

Mume wangu ana miaka 49. Alipigana tangu utotoni, kwanza ridhaa, kisha ngumi za kulipwa. Sasa ulimi ni mzito, anasahau, mikono inatetemeka, na hasira yake si ya kawaida. Majirani wanasema ni waragi, ile pombe kali, mama mkwe anasema amerogwa. Nimpeleke wapi? – Mama wa watoto watatu, Naguru

Pole sana, mama. Ulichoeleza kinajulikana kwa madaktari tangu 1928, Harrison Martland alipoandika kuhusu mabondia wa Marekani waliokuwa wakitembea kama walevi bila kunywa. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1969 uliwapima mabondia wastaafu wa kulipwa 224 na kukuta takriban asilimia 17 wana dalili za madhara ya ubongo. Nokauti si sababu pekee. Maelfu ya ngumi za kawaida hujumlishwa, zikiwemo za mazoezini ambazo hazihesabiwi na mtu. Ndiyo maana bondia aliyepoteza mapambano machache tu anaweza kuumwa.

Lakini usikubali mtu akuambie "huo ni ugonjwa wa ngumi, hauna dawa" kabla ya vipimo. Ugonjwa wenyewe huthibitishwa kwa uhakika kwa kuchunguza ubongo wa marehemu tu. Akiwa hai, daktari husema "huenda", na husema hivyo baada ya kuondoa mambo mengine yanayofanana nao na yanayotibika. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza nafasi. Damu inayovuja polepole kati ya fuvu na ubongo huleta maumivu ya kichwa, usingizi mwingi na udhaifu wa upande mmoja kwa wiki kadhaa, na mpasuaji huweza kuitoa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, kaswende iliyofika ubongoni, VVU, presha, kisukari, sonona na pombe yenyewe, vyote huweza kumfanya mtu asahau na abadilike tabia.

Anzeni hospitali ya Naguru hapo karibu, mwombe rufaa ya Mulago kwa ajili ya daktari wa neva na kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa. Hasira na huzuni zikizidi, Butabika ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kwenda huko hakumfanyi mtu kuwa "kichaa wa Butabika" kama watu wanavyopenda kusema. Kabla ya kwenda, andaa karatasi moja yenye haya: mwaka aliopanda ulingoni mara ya kwanza na mwaka aliostaafu, idadi ya mapambano, mara alizopoteza fahamu, dalili ipi ilianza lini, dawa anazotumia, na anakunywa kiasi gani (sema kweli). Rekodi za mapambano ya kulipwa hupatikana kwenye tovuti ya BoxRec. Mrekodi kwa simu akizungumza na akitembea hatua kumi. Wagonjwa hawa hujikaza mbele ya daktari, wakajibu vizuri kwa dakika kumi, kisha wakarudishwa nyumbani na panado.

Mwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa bondia. Haloperidol, inayotumika sana kutuliza wagonjwa wenye fujo, huweza kuzidisha kutetemeka na kukakamaa kwa mtu wa aina hii. Diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza, huharibu kumbukumbu na mizani, akaanguka. Usimnunulie yoyote kati ya hizo kwa ushauri wa muuza duka la dawa.

Nyumbani, waragi iondoke. Kwa ubongo uliokwisha kuumia, hata kiasi kidogo hufanya kazi kubwa. Boda asiendeshe tena. Mpe jambo moja kwa wakati mmoja, na ratiba isiyobadilika: kula, kutembea, kulala saa zilezile. Pesa za simu zihamie kwenye laini yako kwa makubaliano akiwa ametulia, maana matapeli huwajua wanaosahau. Akipandwa na hasira, usibishane naye. Toka chumbani na watoto. Akiinua mkono, ugonjwa si sababu ya wewe kuvumilia kipigo: mwambie mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, mapema, kabla ya siku hiyo, ili asije akashangaa. Na ukimsikia akisema amechoka kuishi, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya. Akikubali, asiachwe peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kichwa kikiuma kwa kuzidi, akitapika, akipata degedege au usingizi usioamshika, hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Mimi bado napigana. Nina miaka 24, napata mapambano manne hivi kwa mwaka. Wazee wetu wa Katwe waliocheza wakafahamika sasa wanaomba chai. Niweke akiba vipi? – Kijana, Katwe

Umeuliza ukiwa bado na meno, hongera. Kiini cha tatizo ni hiki: mfanyakazi wa ofisini hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na mwajiri huongeza 10. Promota si mwajiri wako. Hakuna anayekuongezea chochote, na usipojikata mwenyewe, hukatwi.

Chukua mfano wa pambano la shilingi 3,000,000. Kocha asilimia 10, ni 300,000. Meneja asilimia 25, ni 750,000. Kambi, chakula na nauli tuseme 450,000. Zinabaki 1,500,000, na hizo ndizo pesa zako. Bondia wengi huanza kutumia ile milioni tatu siku mkataba unaposainiwa, wakafika ulingoni na deni. Katika hizo 1,500,000, theluthi moja, yaani 500,000, iende akiba kabla hujanunua jezi. NSSF inapokea akiba ya hiari kutoka kwa mtu asiye na mwajiri, na unaweza kuweka kidogokidogo kwa simu. Usiweke yote huko. Acha gharama ya miezi mitatu mahali unapoweza kuitoa haraka, kwa sababu mkono ukivunjika hakuna pambano.

Mkataba uandikwe kwa lugha unayoielewa, na utaje mambo manne: kiasi, siku ya kulipwa, nani analipia hospitali ukiumia, na nani analipia CT baada ya nokauti. Lipwa kwa benki au simu. Fedha taslimu za usiku chumbani mwa kubadilishia nguo hupungua kabla hazijafika mlangoni.

Kama una nafasi ya kuajiriwa katika timu ya polisi, magereza au jeshi, ifikirie kwa uzito. Mshahara ni mdogo, lakini kuna pensheni ya serikali. Wengi huacha kazi baada ya miaka saba au minane wakifuata pesa za ngumi za kulipwa, bila kujua kwamba utumishi wa miaka 10 ndio mpaka wa kustahili pensheni. Hesabu miaka yako kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Sisi ni watu 40, mashabiki na mabondia wa zamani, hapa Bombo. Tumechoka kuchanga kwenye mazishi tu. Tunaanzaje mfuko wa kuwasaidia walio hai? – Katibu wa muda, Bombo

Ndugu katibu, anzeni na katiba ya kurasa mbili au tatu, orodha ya wanachama, kumbukumbu za kikao cha kwanza na barua ya LC1. Vipelekeni kwa afisa maendeleo ya jamii ili kikundi kisajiliwe. Akaunti ya benki iwe na wenye saini watatu, wawili watoshe kutoa, na mmoja wao asiwe bondia wala jamaa wa bondia.

Watu 40 kwa shilingi 10,000 kila mwezi ni 400,000. Kwa uzoefu wa vikundi vya aina hii, mwezi wa nne hulipa nusu yao, kwa hiyo pangeni kwa 200,000. Ni heri kumsaidia mtu mmoja kila mwezi bila kukosa kuliko kuwapa kumi sabuni na sukari siku moja. Anachohitaji mgonjwa ni kujua kwamba dawa ya presha ya mwezi ujao ipo.

Jambo linalovunja mifuko hii ni swali la nani anastahili. Liandikeni mapema. Mkisema "bondia wa kulipwa" pekee, mtawaacha watu wa aina ya Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo, ambao medali zao za Olimpiki ya Mexico 1968 zilikuja kupitia ridhaa. Sharti liwe miaka ya kupanda ulingoni, iliyothibitishwa na kocha au wachezaji wenzake wawili.

Kodi mlipe mwenye nyumba moja kwa moja ikiwa mhusika anasahau. Kama akili yake iko sawa, mpeni fedha mkononi apange mwenyewe. Picha za kukabidhi unga zipigwe marufuku ndani ya katiba. Mtu aliyewahi kushangiliwa na ukumbi mzima wa Lugogo asipigwe picha ameinamia mfuko wa unga.

Chanzo kingine ni milangoni. California ina mpango wa pensheni ya mabondia tangu 1982, unaogharamiwa kwa tozo kwenye tiketi, na bondia aliyetimiza raundi zinazotakiwa huanza kudai akifikisha miaka 50. Ninyi hamna sheria hiyo, lakini mnaweza kumwomba promota shilingi 1,000 kwa kila tiketi. Watu 600 ni 600,000 kwa usiku mmoja. Makubaliano yawe ya maandishi, na mtu wenu asimame pale wanapohesabu vishina vya tiketi.

Kwa waliorudi kijijini, mpango wa serikali wa Parish Development Model hutoa shilingi 1,000,000 kwa kaya kupitia SACCO ya parishi. Ni mkopo wa riba ya asilimia 6, si zawadi, na lazima awe na kitambulisho cha taifa na mradi wa kilimo au ufugaji. Msaidieni kwanza kupata kitambulisho. Bila hicho hata foleni hapangi.

Nafundisha vijana jimu bila malipo, mikono inauma kila asubuhi. Nitaishije kwa ujuzi wangu? – Kocha, Kampala

Vijana wafundishe, kocha, lakini asubuhi uza ujuzi kwa watu wa ofisini wanaotaka kupunguza uzito. Darasa la watu 8, kila mmoja 10,000, mara tatu kwa wiki, ni 240,000. Mpe mwenye jimu robo, 60,000, ubaki na 180,000. Unahitaji jozi mbili za padi za kupokelea ngumi, glavu nne za aunsi 14 au 16, na kila mteja aje na bendeji yake ya mita 4.5. Raundi ya dakika mbili yawatosha. Kupigana kichwani kusiwepo kabisa, kwao na kwako. Mstaafu anayejitolea kuwa "mwili wa mazoezi" wa vijana anaendelea kuhesabiwa ngumi.

Kuhusu mikono: asubuhi iloweshe katika maji ya vuguvugu dakika 10, ukifumba na kufungua vidole. Padi zishike mara mbili kwa siku, si sita. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ukiimeza kila siku huharibu figo na tumbo, na hupandisha presha. Kama umeitumia zaidi ya wiki mbili, pima figo na presha.

Promota ananipa milioni nne kwa pambano moja la mwisho. Nina miaka 43, nilistaafu miaka sita iliyopita. – Mstaafu, Busia

Usikubali. Promota analipia jina lako ili kijana wake alipige. Mwambie kwa nusu ya pesa hizo utakaa kona ya kijana huyo na kutangazwa kwa jina ukumbini. Akikataa, umeshajua alichokuwa ananunua.