Re: Kwa nini miradi ya umeme wa upepo inashangiliwa halafu inakwama?
Mkuu umeuliza kwa nini serikali zinapenda sana kutangaza umeme wa upepo na jua halafu utekelezaji unakuwa kizungumkuti. Mi naona shida ni kwamba mitambo inapigwa picha, laini ya kusafirisha umeme haipigwi. Cheki mradi wa upepo wa Lake Turkana kule Marsabit, Kenya, mitambo 365, megawati 310, yote ilishasimama 2017 na upepo unavuma kama kawaida, ila laini ya kutoka Loiyangalani mpaka Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari, kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi ikafilisika, na wenye mashamba njiani nao wanataka fidia kwanza ndo nguzo zipite. Mkataba ulisema laini ikichelewa serikali inalipa, basi ikatwishwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haujawasha hata taa moja! Umeme wenyewe umeingia gridi ya taifa Septemba 2018, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta akaja kuzindua 2019.

Hapo sijagusa ardhi. 2021 mahakama kule Meru ikasema hati za eneo la mradi hazikupatikana kihalali, na wafugaji wa pale walikuwa wanalalamika miaka yote hiyo. Mradi mwingine wa upepo wa Kenya, wa Kinangop, ndo balaa zaidi, megawati 60, wawekezaji wapo, wananchi wakakataa, 2016 mradi ukafutwa kabisa.

Kwa hiyo waziri akitaja megawati, mi naulizaga laini inapita shamba la nani na kama ameshalipwa.