Presha, mgomba na miaka ya kuishi ukiwa mzima

Vijana wanaokuja kwangu kushonewa nguo hapa Moshi hunionyesha kwenye simu matajiri wa Marekani wanaomeza vidonge kiganja kizima kila asubuhi ili wasizeeke. "Mama, hii ni kweli?" Huwa siwabezi, maana utafiti upo. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kwamba dawa iitwayo rapamycin imerefusha maisha ya panya wa maabara, na mwaka 2012 Shinya Yamanaka wa Japani alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba seli iliyokomaa inaweza kurudishwa kwenye hali ya uchanga. Ni mambo makubwa na ninayafuatilia kwa hamu. Lakini mpaka sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa kumrefushia maisha binadamu mwenye afya yake, na kijana anayeniuliza mara nyingi ana baba huko Uru au Kibosho ambaye hajawahi kuvishwa mkanda wa presha hata siku moja.

Mimi naanzia kwa huyo baba.

Wa kwangu alipata kiharusi akiwa na miaka 61. Hakufa. Aliishi miaka mingine mingi, upande mmoja umepooza, akilishwa na kugeuzwa kitandani, yeye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe siku ya kusafisha mfereji wa maji wa kijiji. Ukihesabu umri tu, utasema alifika uzeeni. Sisi tuliomuuguza tunajua miaka ile ilikuwaje. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwa mwaka 2019 kwamba mtu duniani anatarajiwa kuishi miaka 73 hivi, lakini ile ya kuishi akiwa na afya njema ni kama 63. Kumi inayobaki ndiyo inayonisumbua. Hiyo ndiyo ninayopigana nayo, kwangu mwenyewe na kwa mama yangu ambaye bado yuko nyumbani mgombani.

Ukiniuliza ni teknolojia gani mtu wa Kilimanjaro anunue kwanza, nitasema mashine ya kupima presha, ile ya kuvaa juu ya kiwiko, inayotumia betri. Mkanda wa kupimia mkononi aliubuni Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, kwa hiyo si jambo geni. Kilichobadilika ni kwamba leo unaukuta duka la dawa na unaweza kuutumia bila kuwa nesi. Presha haiumi. Watu wazima zaidi ya bilioni 1 duniani, wenye miaka 30 hadi 79, wanayo, na karibu nusu yao hawajui. Kusubiri kichwa kiume ndipo upime ni kusubiri kiharusi.

Kupima nako kuna utaratibu wake, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu namba mbaya iliyotokana na kupima vibaya inawatia watu hofu bure, na namba nzuri ya uongo ni hatari zaidi. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha presha. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, uegemee, nyayo zote mbili ziguse sakafu, usikunje nne. Tulia dakika 5. Mkono uweke mezani, usawa wa moyo, na mkanda uguse ngozi, sio juu ya sweta. Wanene wanunue mkanda mpana, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu. Halafu nyamaza. Mama yangu akishavishwa tu anataka kujua ndizi zinauzwaje Mbuyuni na kama fulani ameshajifungua. Namwambia, "Mama, dakika moja tu, nitakujibu yote." Akinyamaza na kurudia, namba ya juu, ile kubwa kati ya mbili zinazotokea kwenye mashine, inashuka. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi, wala si yeye peke yake.

Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na chai, kisha jioni, kwa wiki moja. Namba zote ziandike kwenye daftari. Siku ya kwanza iache, zinazobaki tafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani ukifika 135 kwa 85 au kuzidi, mpeleke daktari daftari lako. Hospitalini kipimo kinachotumika ni 140 kwa 90, maana wengi wetu tukiona koti jeupe moyo unakwenda mbio. Ukikuta 180 kwa 120, tulia na urudie. Ikibaki hapohapo wasiliana na daktari siku hiyohiyo. Na ikiwa pamoja na namba hiyo kuna maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito au mkono kukosa nguvu, usimpe mtu maji ya ndimu wala usisubiri kupambazuke, tafuta gari.

Mashine ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono iache, na saa janja inayodai kupima presha usiitegemee. Saa hizo zinafaa kuhesabu hatua na mapigo ya moyo.

Kuhusu dawa nitasema kwa ukali kidogo. Dawa ya presha si dozi ya malaria. Ukiona 125 baada ya mwezi wa kumeza, hiyo ndiyo kazi ya dawa unayoiona, hujapona. Uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa hizi uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu kwa 5 tu kunapunguza hatari ya kiharusi, shambulio la moyo na mengine ya aina hiyo kwa takriban asilimia 10. Tano tu! Sasa mtu anaacha dawa kwa sababu jirani kamwambia zinachosha figo, wakati presha isiyotibiwa ndiyo inayoua figo.

Jikoni kwetu kuna jambo ambalo sisikii likisemwa vya kutosha. Watu wameambiwa wapunguze chumvi, na wanapunguza ya kwenye kopo. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mmoja, kama kijiko cha chai, ukijumlisha kila kitu. Lakini magadi? Sisi huku tunaweka magadi kwenye maharage, kwenye makande, kwenye kiburu chetu cha ndizi na maharage, ili viive upesi na vilainike. Magadi ni sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, na magadi ya ukanda wetu yana floraidi pia, ile inayofanya meno yawe ya kahawia. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi. Kiburu cha nyumbani kwetu siku hizi hakina kabisa, na walaji wameshazoea. Viungo vya mchuzi vya pakiti navyo ni chumvi tupu, soma pakiti.

Sasa nije kwenye habari iliyonifurahisha kuliko zote. Mwezi Aprili 2025, jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Kilimanjaro, watafiti wa KCMC wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Mwandishi wa kwanza wa utafiti huo ni Godfrey Temba. Walichukua wanaume 77 wenye afya. Wale wa kijijini, waliozoea ndizi, maharage, ulezi na mboga za majani, walilishwa kwa wiki 2 chakula cha mjini: soseji, mkate mweupe, chipsi na vya namna hiyo. Wa mjini wakageuziwa, wakala cha kijijini. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia soseji na chipsi, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani kupanda, yaani kinga ya mwili kuwaka chini kwa chini kama inapigana na ugonjwa, na seli za kinga zikawa dhaifu kupambana na vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata wale wa mbege, dalili hizo zilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye.

Uvimbe huo ndio mmoja wa mizizi ya magonjwa ya moyo na kisukari, na wanaochunguza uzee duniani kote wanautazama kwa makini. Walikuwa wanaume, tena vijana, na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo utafiti mmoja haujibu kila kitu. Lakini fikiria: wiki 2 tu. Kijana anayeshuka kutoka Marangu kuja kupanga chumba Pasua na kuanza kula chipsi mayai kila jioni, mwili wake unabadilika kabla kodi ya mwezi wa kwanza haijaisha.

Kwa hiyo nashauri hivi. Ndizi mshare na maharage ziwe chakula cha kawaida cha wiki, sio cha msibani na Krismasi. Mnafu, ile mboga yetu ya majani, ule mara nyingi uwezavyo. Ulezi uwe uji wa asubuhi mahali pa maandazi na chai ya sukari. Mbege ni pombe, na anayemeza dawa aongee na daktari kwanza. Hata kwa mzima, utafiti ule haukusema mtu ashinde kilabuni.

Kukaa. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kukaa, kwa hiyo hili nalifikiria kila siku. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, upande ule wa Karatu. Walifungwa vifaa vidogo vya kupima mwendo pajani. Ikaonekana wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa mjini tu! Tofauti ni kwamba wanapumzika wakiwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi, na maradhi ya moyo kwao ni nadra. Nikimaliza mshono mmoja nasimama. Kitambaa nakata nikiwa nimesimama. Kuchuchumaa nako sijaacha, na wateja wa rika langu nawaambia wasiache.

Hatua 10,000 zisikutishe. Namba hiyo ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka kwa daktari. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wa Marekani wenye wastani wa miaka 72 ulionyesha kwamba nafuu, yaani hatari ya kufa kupungua, inaanza kuonekana kwenye hatua 4,400 hivi kwa siku, na baada ya kama 7,500 haiongezeki tena. Kutoka Majengo mpaka Soko la Kati na kurudi kwa miguu, ukiacha bodaboda, ni mwanzo mzuri.

Jaribu pia kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, karibu na ukuta. Watafiti wa Brazil walitangaza mwaka 2022 kwamba kati ya watu wa miaka 51 hadi 75, walioshindwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Ukishindwa, fanya mazoezi ya kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika. Na mzee asiyeona vizuri mpeni miwani, au apelekwe akatolewe mtoto wa jicho, kwa sababu asiyeona hatoki ndani, na asiyetoka ndani miguu inaisha.

Desemba ikifika, tukipanda nyumbani kwa Krismasi, beba mashine ya presha pamoja na mchele na mafuta. Usianze na bibi, yeye huenda anahudhuria kliniki tayari. Anza na kaka zako wa miaka 35 na 40, wale wasiojua hospitali inafananaje. Wapime asubuhi, kabla hawajaenda kwenye mbuzi na mbege, wote wakiwa wamekaa. Kila mmoja mpe karatasi yenye namba zake na tarehe, na wale wenye namba za kutisha wapigie simu Januari kuwauliza kama wamemwona daktari.