"Hizo ahadi ni zenu"

Shangazi, babu wa watoto wangu alipolazwa mwaka jana, nilimwambia kijana wangu kwamba Mungu ameahidi kumponya. Babu akafariki. Sasa kijana yuko kidato cha tatu, na tukifungua Biblia jioni anachezea simu. Juzi akaniambia, "Hizo ahadi ni zenu." Biblia ya babu, iliyojaa alama zake za kalamu, tumeifungia kabatini. Nifanyeje? – Mama Kijana, Umoja

Mama Kijana, poleni kwa msiba.

Anza na ile kauli yako. Mkiwa wawili tu, wadogo zake wasiwepo, mwambie: "Nilisema Mungu ameahidi kumponya babu. Hakuniahidi. Ni mimi nilitamani, nikaita matamanio yangu ahadi." Kisha nyamaza. Ukiongeza "lakini", atajua mahubiri yanafuata.

Kosa hilo wengi tunalo. Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani", tunaiandika hadi kwenye kadi za mtihani. Rudi nyuma aya moja tu: ingetimia baada ya miaka 70. Barua ile ilipelekwa kwa watu waliohamishiwa Babeli, na wengi waliokuwa watu wazima walipoisikia hawangeishi kuona siku ya kurudi. Ndiyo maana aya ya 5 na 6 zinawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Kurudi kwenyewe kungeonwa na wajukuu. Kwa hiyo kabla hujampa mtoto aya yoyote, uliza: aliambiwa nani, kwa sharti gani, baada ya muda gani? Usipopata jibu, omba tu, usitangaze.

Ibada ya jioni ifupishe. Aya 8 au 10 zatosha, baada ya kula. Chakula kikipoa mezani hakuna anayesikiliza. Asome yeye akikubali, na swali liwe moja: "Hapa nani anasubiri, na anasubiri nini?" Mengine yaache ya njiani. Kumbukumbu la Torati 6:7, juu ya kuwafundisha watoto, haitaji kuketi nyumbani tu, inataja na kutembea njiani. Kutoka steji hadi mlangoni kijana husema mengi kuliko kwenye kochi, maana hamtazamani usoni.

Nunua daftari. Andikeni tarehe, ombi, aliyeomba, kisha acheni mistari mitano mitupu ya majibu. Ukurasa wa kwanza uwe wa babu, na jibu liandikwe lilivyokuwa: alifariki. Daftari la ushindi mtupu watoto hawaliamini, na hawakosei.

Vitisho vya "Mungu hatakubariki" viache, na usimlinganishe na binamu anayeimba kwaya.

Sasa ile Biblia. Yusufu akiwa Misri aliwaapisha ndugu zake wapandishe mifupa yake (Mwanzo 50:25). Musa akaichukua, ikazunguka jangwani miaka 40, ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32). Mtoto aliyezaliwa safarini angeuliza mle sandukuni mna nini, na jibu lilikuwa mtu aliyekufa akingali anasubiri. Itoe kabatini, umpe kijana, umwombe atafute aya ambazo babu alizipigia mstari na hakuziona zikitimia. Akiiacha mezani wiki nzima, ipanguse vumbi uirudishe palepale. Jumapili usimuulize amefika wapi.