Damu "imelingana": mzee wa baraza anaelewa nini kwenye ushahidi wa maabara?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa. Mjomba wangu, mkulima aliyeishia darasa la saba, aliwahi kuketi kama mzee wa baraza katika kesi ya mauaji mbele ya Mahakama Kuu. Anasema mtaalamu wa maabara alieleza mambo ya vinasaba kwa muda mrefu, na yeye alichoambulia ni kwamba damu iliyokuwa kwenye shati la mshtakiwa "imelingana" na ya marehemu. Nasikia Uingereza na Marekani watu wa kawaida kama yeye ndio wanaoamua kabisa kesi za namna hiyo. Je, mtu asiyesoma sayansi anaweza kuuelewa ushahidi huo? Na kama hawezi, haki inatendekaje?

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako. Kwanza niiweke sawa nafasi ya mjomba wako, kwa sababu inabadilisha uzito wa jibu lote. Sisi Tanzania Bara hatuna juri, yaani kundi la raia wa kawaida wanaoamua kesi. Katika kesi za mauaji Mahakama Kuu ilitakiwa na sheria kuketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, ambao baada ya kusikia ushahidi wote na majumuisho ya Jaji walitoa maoni yao mmoja mmoja. Jaji aliyasikiliza, lakini hakufungwa nayo, na hukumu iliyoandikwa ilikuwa yake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 hata ulazima huo haupo tena: Jaji anaweza kuketi na wazee wa baraza akiona inafaa, na kesi nyingi sasa anazisikiliza peke yake. Kwa hiyo mjomba wako alikuwa mshauri. Juri ya Uingereza yenye watu 12 ndiyo inayotamka kama mtu ana hatia au hana, na haitoi sababu.

Hata hivyo, swali la kama wanaelewa halikuwahi kupuuzwa kwetu. Mwaka 1954 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba maoni ya wazee wa baraza yanaweza kumsaidia sana Jaji, ila pale tu wanapozielewa barabara hoja za kesi wakizihusisha na sheria inayohusika. Wasipoelezwa, thamani ya maoni yao inapungua kwa kiasi hichohicho. Maneno hayo yamerudiwa na Mahakama yetu ya Rufani mara nyingi, na zipo kesi za mauaji ambazo mwenendo wake ulifutwa na kuamriwa kuanza upya kwa sababu Jaji hakuwafafanulia wazee mambo ya msingi katika majumuisho yake. Angalia mzigo umewekwa kwa nani. Sheria haikumdai mkulima aje na cheti cha baiolojia. Ilimdai Jaji, na kabla yake mawakili wa pande zote mbili, waufanye ushahidi ueleweke.

Sasa nije kwenye kiini. Kwa maoni yangu, watu wanapouliza kama mtu wa kawaida anaweza kuelewa ushahidi wa kitaalamu, huwa wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni jinsi kipimo kinavyofanya kazi ndani ya mashine. Hilo mjomba wako hakulielewa, nami sikulisomea, na mara nyingi Jaji naye hakulisomea. La pili ni nini kinaweza kuhitimishwa kutokana na majibu ya kipimo hicho, na nini hakiwezi. Hili la pili ndilo linaloamua kesi, na hapo mtu mwenye akili timamu aliyeelezwa vizuri anaweza kwenda mbali, isipokuwa kwenye eneo moja ambalo karibu sote tunajikwaa: hesabu za uwezekano.

Nikuoneshe kwa mfano. Tuseme sampuli ya damu ilikuwa imeharibika kwa jua na unyevu, hivyo maabara ikapata sehemu tu ya alama za vinasaba, na mtaalamu akasema kwamba alama hizo hupatikana kwa mtu mmoja kati ya watu milioni moja. (Sampuli iliyo kamili hutoa takwimu kubwa kuliko hiyo kwa mbali, lakini sampuli za kwenye matukio si mara zote huwa kamili.) Tuseme pia kwamba damu hiyo iliachwa na muuaji mlangoni kwa marehemu. Msikilizaji wa kawaida atasikia hivi: "uwezekano kwamba mshtakiwa hahusiki ni mmoja kwa milioni." Mtaalamu hakusema hivyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika Mkoa wa Dodoma na watu 61,741,120 nchi nzima. Kwa takwimu ya mmoja kwa milioni, mkoani kwetu peke yake tungetegemea kuwakuta watu kama watatu wenye alama hizo, na nchini kama sitini. Ikiwa mshtakiwa alikamatwa kwa sababu ya damu hiyo tu, bila ushahidi mwingine wowote, basi yeye ni mmoja kati ya hao. Lakini ikiwa tayari alionekana akitoka kwenye nyumba ya marehemu usiku ule, na simu ya marehemu ikakutwa kwake, takwimu ileile inakuwa nzito kweli, kwa sababu ni vigumu mno kwamba mtu mwingine kati ya hao sitini naye awe alikuwa palepale. Namba haikubadilika, kilichobadilika ni kile inachoungana nacho.

Ipo tahadhari nyingine ambayo vijijini kwetu haifai kusahaulika. Takwimu ya mmoja kwa milioni huhesabiwa kwa watu wasio na undugu. Ndugu wa tumbo moja hurithi kutoka kwa wazazi walewale, na uwezekano wa alama zao kulingana ni mkubwa zaidi kwa kiasi kikubwa, hasa sampuli inapokuwa pungufu. Kama utetezi unadai kwamba mhusika ni kaka wa mshtakiwa, takwimu ya jumla haijibu dai hilo.

Usidhani kwamba kosa la kutumia vibaya namba za uwezekano ni la wasiosoma. Nchini Uingereza mwaka 1999, Sally Clark, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwanasheria, alitiwa hatiani kwa kuwaua watoto wake wachanga wawili. Shahidi mtaalamu, profesa wa tiba ya watoto, aliliambia juri kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla visivyo na maelezo katika familia kama ile ni mmoja kati ya milioni 73. Namba hiyo aliipata kwa kuchukua moja kati ya 8,543 na kuizidisha kwa yenyewe, kana kwamba kifo cha mtoto wa pili hakiwezi kuwa na uhusiano wowote na cha wa kwanza, ilhali watoto hao walichangia wazazi, nyumba na damu. Majaji wa rufaa ya kwanza, mwaka 2000, walizisikia lawama juu ya takwimu hiyo na bado wakaiacha hatia isimame. Mwaka 2001 Jumuiya ya Kifalme ya Takwimu ilijitokeza hadharani kuikosoa. Mama huyo aliachiwa mwaka 2003, baada ya kugundulika pia kwamba majibu ya vipimo vya bakteria vya mtoto mmoja hayakuwa yamefikishwa kwa utetezi. Kwenye mlolongo huo wote, wa kwanza kupotoka alikuwa profesa, juri lilimfuata. Mimi huwa naona ajabu kwamba kesi hiyo hutajwa kama ushahidi wa udhaifu wa watu wa kawaida.

Upande ambao watu wa kawaida wana nguvu ni ule wa maswali yanayozunguka kipimo. Damu imelingana, sawa. Ilifikaje kwenye shati? Kama mshtakiwa ndiye aliyembeba marehemu kumpeleka zahanati, kulingana kwa damu hakutuambii lolote ambalo hatukulijua, na mkulima wa Kongwa analiona hilo haraka pengine kuliko mkemia ambaye kazi yake ilianza shati lilipofika mezani kwake. Shati lilivuliwa wapi, nani aliliweka kwenye mfuko, na mfuko gani? Nguo yenye damu mbichi ikifungwa kwenye mfuko wa nailoni huvunda, ukungu ukaota na vinasaba vikaharibika. Inatakiwa ikauke kwanza kivulini, kisha iwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, ifungwe na kutiwa lakiri. Kutoka hapo tunauliza nani alikaa nayo hadi ilipofika Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kama kila aliyeipokea aliandika. Katika rufaa namba 110 ya mwaka 2007, iliyosikilizwa hapahapa Dodoma, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kumbukumbu hizo za makabidhiano hatua kwa hatua, na tangu hapo mawakili huitegemea karibu kila kesi yenye kielelezo. Kuifuatilia hakuhitaji sayansi. Anayejua kuhesabu mifugo inayokwenda mnadani na inayorudi anaweza kuona pale ambapo kielelezo kimepotea machoni kwa siku tatu.

Ushahidi wa daktari aliyechunguza maiti nao una mitego yake, ingawa huonekana mwepesi. Mwili huanza kukakamaa saa chache baada ya kifo, hukakamaa wote kwa muda wa kama nusu siku, kisha hulegea tena. Joto huharakisha hatua zote hizo. Makadirio ya vitabu vingi yametokana na nchi za baridi. Maiti iliyokutwa korongoni mwezi Novemba, kabla mvua haijashika na jua la Dodoma likiwa kali, haitafuata saa za kitabuni, na daktari makini atasema "kati ya muda huu na huu" badala ya kutaja saa moja. Wakili akimbana mpaka ataje saa moja, tayari ushahidi umeharibika, na hapo mzee wa baraza hana kosa.

Kuhusu afya ya akili nitasema kwa kifupi, maana hukuuliza, ila kwa Dodoma ni jambo la kila siku. Mshtakiwa anayedai kwamba hakuwa na akili timamu wakati wa tendo hupelekwa Taasisi ya Isanga, ya afya ya akili hapa Dodoma, na sheria inatoa siku 42 ripoti iandaliwe. Ripoti hiyo ni maoni. Mahakama inaweza kuyakataa ikiwa na sababu za msingi. Mara nyingi majirani walioeleza jinsi mtu huyo alivyokuwa akiishi wiki ile husaidia kuipima ripoti.

Tatizo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote niliyotaja ni lugha. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini ripoti nyingi za kitaalamu bado huandikwa kwa Kiingereza, na mtaalamu akishasimama kizimbani huisoma kwa kutafsiri papo kwa papo. Nimesikia shahidi akieleza kwamba marehemu "alipata shoku ya haipovolemia", na wote tukanyamaza kama tuliosikia. Jaji alipomtaka aseme kwa Kiswahili cha nyumbani, alijibu: "Damu ilimwishia mwilini kutokana na jeraha la pajani, mapigo ya moyo yakasimama." Sentensi hiyo moja ndiyo iliyowezesha maswali ya maana: jeraha lilikuwa na kina gani, angewahishwa hospitali angepona, kisu kilichoonyeshwa kinaweza kulitoa? Kabla ya hapo hapakuwa na swali kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukishika.

Haki inatendekaje basi? Kwetu, kwa sababu Jaji lazima aandike sababu. Akigeuza maana ya takwimu kama nilivyoeleza, kosa lake litaonekana kwenye karatasi na Mahakama ya Rufani italirekebisha. Juri likikosea hivyo chumbani, hakuna atakayejua. Wenzetu wamejaribu njia nyingine: jimbo la Arizona huko Marekani lilibadili kanuni zake mwaka 1995, likawaruhusu wanajuri kuandika dondoo na kuuliza mashahidi maswali kupitia kwa Jaji, na Uingereza mwaka 2017 Royal Society, jumuiya ya wanasayansi, ilianza kutoa vijitabu vya kuwaelekeza majaji kuhusu vinasaba na utaalamu mwingine. Katika kesi ya mwaka 1996 utetezi ulijaribu kulifundisha juri kanuni ya hesabu ya kuunganisha uwezekano, wapige hesabu wenyewe; Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa, na nadhani ilikuwa sahihi. Watu wasaidiwe kujua namba inasema nini, wasigeuzwe wanahesabu kwa alasiri moja.

Mjomba wako akiitwa tena, ajue kwamba sheria ya ushahidi inamruhusu kumuuliza shahidi swali kupitia kwa Jaji au kwa idhini yake. Liwe la kutaka ufafanuzi. Akianza kumbana shahidi kwa maswali ya dodoso kama wakili, anahatarisha kesi nzima, kwani mwenendo umewahi kufutwa kwa sababu hiyo. Mtaalamu akisema damu "imelingana", mjomba anaweza kuuliza hivi: "Imelingana na ya marehemu peke yake, au kuna watu wengine ambao ingeweza kulingana na yao, na ni wangapi?"